Chembehai Zinavyopima Ukali wa Kemikali Machoni

Utengenezaji wa sabuni ni miongoni mwa viwanda vidogo vinavyoweza kuanzishwa kwa mtaji haba. Ndoo mbili, mti wa kukorogea na malighafi chache za dukani zatosha. Katika Manzese, kitongoji cha Dar es Salaam kilicho kando ya Barabara ya Morogoro, ambacho kilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kinondoni kabla ya Wilaya ya Ubungo kuundwa, sabuni ya maji iliyotengenezwa uani huuzwa katika chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, pamoja na sabuni ya mche na dawa za kuondoa madoa. Mnunuzi huitazama rangi, huinusa, kisha huitikisa chupa aone povu. Mambo hayo matatu hayamwambii lolote juu ya swali moja kubwa: je, tone la sabuni hiyo likimrukia mtoto jichoni, itakuwaje?

Kwa muda wa miongo mingi swali la namna hii lilijibiwa kwa kutia dutu inayochunguzwa katika jicho la sungura. Siku hizi sehemu kubwa ya jibu hupatikana kwa kutumia chembehai, yaani seli, zinazokuzwa katika sahani za maabara. Makala hii yaeleza jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi, mahali kinapokomea, na ni kwa kiasi gani chaweza kumfaa fundi wa sabuni wa Manzese.

Kioo cha mbele cha jicho

Sehemu ya jicho iliyo katika hatari kubwa zaidi ni konea, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni. Katikati yake konea ya binadamu ina unene wa takriban nusu milimita. Haina mishipa ya damu, kwani damu ingezuia mwanga. Hupata oksijeni yake hasa kutoka hewani, kupitia machozi.

Juu kabisa pana epitheli, yenye tabaka 5 hadi 7 za chembehai. Epitheli hii ni kama sehemu moja ya kumi tu ya unene wote. Chini yake upo mwili mkuu wa konea, uliojengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopangwa kwa utaratibu wa ajabu hata mwanga ukapita bila kutawanyika. Ndani kabisa kuna tabaka moja la chembehai ambazo kazi yake ni kuyasukuma maji nje ya konea ili isivimbe na kuwa na ukungu.

Tabaka hizi hazifanani katika uwezo wa kupona. Epitheli ikichubuka, chembehai changa zilizo ukingoni mwa konea huzaliana na kuliziba pengo kwa siku chache. Nyuzi za kolajeni zikiharibika, hubaki kovu jeupe. Nazo chembehai za tabaka la ndani, kwa binadamu, zikifa karibu hazirudi tena. Kwa hiyo, katika kukadiria ukali wa kemikali, la muhimu kuliko yote ni kina: imepenya umbali gani kabla ya kuoshwa?

Sabuni sufuriani na sabuni jichoni

Kostiki soda, ambayo wanakemia huiita sodiamu haidroksaidi, ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Sufuriani alkali hii huivunja molekuli ya mafuta, ikapatikana gliseroli pamoja na chumvi ya asidi ya mafuta. Chumvi hiyo ndiyo sabuni. Sasa, utando unaozunguka kila chembehai nao umejengwa kwa mafuta ya ukoo huo huo. Alkali kali haibagui kati ya mafuta ya mawese na mafuta ya utando wa chembehai. Ikiingia jichoni, kazi iliyokuwa ikifanyika sufuriani huanza kufanyika juu ya konea: tando huyeyuka, njia hufunguka, na alkali huzidi kuzama.

Asidi nyingi hutenda kwa namna nyingine. Huzigandisha protini za juu, na protini zilizoganda huwa kama kizuizi kinachopunguza kasi ya kupenya. Hii haina maana kwamba asidi ni salama, kwani asidi kali hupofua pia. Lakini kwa ukolezi unaolingana, alkali aghalabu huleta madhara ya ndani zaidi. Chokaa ya kupaka kuta ni alkali vilevile, tena chembe zake hunasa chini ya kope na kuendelea kuunguza.

Kutokana na maelezo haya, huduma ya kwanza yaeleweka kwa urahisi. Jicho lililoingiwa na kemikali lioshwe papo hapo kwa maji safi na mengi, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa muda usiopungua dakika 15. Iwapo ni kostiki soda au chokaa, uoshaji uendelee hata dakika 30 au zaidi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Kutafuta maziwa, au kukamua ndimu kwa nia ya kuiua alkali, ni kupoteza dakika ambazo haziwezi kurudishwa.

Kutoka kope za kike hadi jicho la sungura

Kipimo cha sungura kina historia yake. Mwaka 1933 huko Marekani rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya parafenilinidaiamini, iliwaharibu wanawake kadhaa macho, na ikasababisha kifo. Wakati huo serikali haikuwa na mamlaka ya kuiondoa sokoni. Misiba ya namna hii ilisaidia kuleta sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938.

Sheria ilihitaji kipimo. Mwaka 1944 John Draize na wenzake, watumishi wa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, walichapisha njia ambayo ilikuja kuenea duniani kote. Mililita 0.1 ya dutu hutiwa katika jicho moja la sungura, na jicho la pili huachwa kwa kulinganisha. Mtazamaji huchunguza ukungu wa konea, hali ya mboni, wekundu na uvimbe, akatoa alama. Jumla ya alama ni 110, na 80 kati ya hizo ni za konea peke yake.

Njia hii iliokoa macho mengi ya watu. Ukweli huo haufai kufichwa. Lakini ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni maumivu ya mnyama. Ya pili ni ya kisayansi: alama hutolewa kwa macho ya mtazamaji, na watazamaji hutofautiana. Mwaka 1971 Carrol Weil na Robert Scala walichapisha matokeo ya maabara zaidi ya 20 zilizopewa dutu zile zile. Dutu ambayo maabara moja iliiona kuwa kali, nyingine iliiona kuwa pole. Isitoshe, konea ya sungura ni nyembamba kuliko ya binadamu, na sungura hupepesa macho mara chache zaidi.

Mwaka 1980 wanaharakati huko Marekani, wakiongozwa na Henry Spira, walianza kuyashinikiza makampuni ya vipodozi yagharimie utafiti wa njia mbadala. Ndipo wataalamu wakarejea kanuni iliyokuwa imetolewa na William Russell na Rex Burch mwaka 1959: penye uwezekano, mnyama abadilishwe kwa njia nyingine, pasipowezekana, idadi ipunguzwe, na maumivu yapunguzwe kwa vyovyote vile.

Chembehai katika visima 96

Wazo la msingi ni rahisi. Kama madhara huanza kwa kufa kwa chembehai za konea, basi na zihesabiwe chembehai zinazokufa.

Katika njia mojawapo, iliyoidhinishwa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) mwaka 2015 kama Mwongozo Na. 491, hutumiwa ukoo wa chembehai uitwao SIRC, uliotokana na konea ya sungura katika taasisi ya Statens Seruminstitut ya Denmark. Ukoo huu umekuwa ukizaliana maabarani kwa miongo mingi, wala hapahitajiki sungura mwingine. Chembehai hupandwa katika sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96, zikaachwa zienee kwenye sakafu ya kila kisima, katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi.

Dutu inayochunguzwa huchanganywa na maji ya chumvi kwa ukolezi wa namna mbili: asilimia 5 na asilimia 0.05. Humiminwa juu ya chembehai kwa dakika 5 tu, kisha huoshwa. Muda huu mfupi una sababu yake, kwani machozi huiondoa sehemu kubwa ya dutu jichoni kwa dakika chache.

Sasa yabaki kujua ni chembehai ngapi zingali hai. Kazi hii hufanywa na kemikali ya rangi ya manjano iitwayo MTT, ambayo Tim Mosmann alieleza matumizi yake mwaka 1983. Ndani ya chembehai hai, vimeng'enya vinavyohusika na upumuaji huigeuza MTT kuwa fuwele za zambarau. Chembehai iliyokufa haina uwezo huo. Fuwele huyeyushwa, na mashine hupima kiasi cha mwanga kinachofyonzwa: zambarau ikikolea, uhai ni mwingi.

Hesabu yake haizidi ya darasani. Chukulia kwamba visima visivyotiwa dutu vimetoa wastani wa ufyonzaji wa 0.80, na vilivyotiwa dutu vimetoa 0.20. Uhai uliobaki ni 0.20 ukigawanywa kwa 0.80, yaani asilimia 25. Kanuni ya uamuzi ni hii:

Uhai ukizidi asilimia 70 katika ukolezi wote wawili, dutu haiwekwi katika kundi la zinazodhuru macho.

Uhai ukiwa asilimia 70 au chini yake katika ukolezi wote wawili, dutu huhesabiwa kuwa yaweza kuleta madhara makubwa ya kudumu.

Ukishuka katika asilimia 5 pekee, kipimo hiki hakitoi hukumu. Inabidi kutafuta ushahidi mwingine.

Tishu iliyojengwa upya

Chembehai zilizotandazwa sakafuni ni tabaka moja, ilhali konea ina tabaka nyingi. Kwa sababu hiyo wataalamu wamejenga tishu inayofanana na epitheli ya binadamu. Chembehai za binadamu hupandwa juu ya kitambaa chembamba chenye vitundu, zikilishwa kwa chini na kuachwa wazi kwa hewa juu, kama ilivyo jichoni. Zikikaa hivyo, hupandana tabaka juu ya tabaka.

Njia hii ni Mwongozo Na. 492, nao ni wa mwaka 2015. Faida yake ni kwamba kimiminika chaweza kupakwa juu ya tishu jinsi kilivyo, bila kuzimuliwa, na hata unga waweza kupimwa. Katika mojawapo ya tishu hizo kimiminika hukaa dakika 30, na kitu kigumu saa 6. Uhai ukizidi asilimia 60, dutu huruhusiwa kupita kama isiyohitaji onyo la macho. Ukiwa chini ya hapo, njia hii ya awali haikuweza kusema kama madhara ni ya kupita au ya kudumu. Ndiyo sababu mwaka 2022 uliongezwa Mwongozo Na. 492B, ambao hupima uhai baada ya vipindi tofauti: dutu inayoua upesi hutenganishwa na ile inayoua polepole.

Mahali kipimo kinapokomea

Sahani haina machozi, haina mishipa ya damu, wala haina siku 21 za kungoja kuona kama ukungu utaondoka. Yapo pia mambo matatu ambayo mwanafunzi apaswa kuyakumbuka.

Kwanza, dutu yenye rangi kali yaweza kuihadaa mashine, na dutu nyingine huigeuza MTT kuwa zambarau bila msaada wa chembehai. Kwa hiyo maabara makini huendesha vipimo vya kulinganisha kwa tishu iliyokufa, ili iijue zambarau ya uongo.

Pili, kipimo hakioni mzio. Parafenilinidaiamini iliyoleta msiba wa mwaka 1933 ni kemikali inayosifika kwa kuamsha mzio, nayo hupatikana mara nyingi katika rangi nyeusi za nywele, zikiwemo zile zinazotumiwa kama piko katika mapambo ya maharusi wa pwani. Mzio ni kazi ya mfumo mzima wa kinga, na sahani haina mfumo huo. Kwa hiyo matokeo mazuri ya kipimo cha jicho hayampi mtu ruhusa ya kupaka piko kwenye nyusi na kope.

Tatu, hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Mwaka 2022 OECD ilitoa Mwongozo Na. 467, ambao huunganisha vipimo kadhaa kwa utaratibu maalumu. Katika Umoja wa Ulaya vipodozi vilivyopimwa kwa wanyama vilizuiwa kuuzwa kuanzia mwaka 2013, na kwa hiyo utaratibu wa namna hii umekuwa wa lazima.

Karatasi kabla ya sahani

Je, fundi wa sabuni wa Manzese angoje maabara ya chembehai ndipo aujue usalama wa bidhaa yake? La. Utaratibu wenyewe wa kimataifa huanza na jambo jepesi zaidi: pH. Kwa mujibu wa mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, dutu yenye pH ya 2 au chini, au 11.5 au zaidi, huchukuliwa kuwa yaweza kuharibu jicho vibaya, isipokuwa pawepo ushahidi wa kutosha wa kinyume chake. Hapo hapahitajiki sungura wala chembehai.

Kipimo cha pH huongezeka kwa mara kumi kwa kila kizio. Sabuni halisi huwa na pH ya 9 hadi 10 hivi. Gramu 40 za kostiki soda katika lita moja ya maji hutoa pH ya takriban 14, yaani alkali maradufu ya elfu kumi kuliko sabuni yenye pH ya 10. Fundi akikosea mizani, kostiki soda isiyopata mafuta ya kuungana nayo hubaki ndani ya mche kama alkali huru. Katika sabuni ya maji, ambayo hutengenezwa mara nyingi kwa asidi ya salfoniki iliyopozwa kwa alkali, kosa laweza kwenda upande wowote. Karatasi ya pH huyafichua makosa haya kwa dakika moja.

Isipokuwa karatasi ina ukomo wake. Baadhi ya dutu zina pH ya 7 na bado hudhuru; mfano ni benzalkoniamu kloraidi, inayotumiwa katika dawa za kuua vijidudu, ambayo ikikolea huzivunja tando za chembehai bila kuwa asidi wala alkali. Hapo ndipo sahani yenye visima 96 inapohitajika. Kwa ufupi, karatasi hukamata vilivyo vikali waziwazi, na chembehai hukamata vinavyojificha.

Ujuzi huu si mgeni Afrika Mashariki

Kukuza chembehai kwahitaji kabati safi, joto lisilobadilika, umeme usiokatika na naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Historia yasema vingine. Huko Muguga, karibu na Nairobi, katika shirika la utafiti wa mifugo lililohudumia Afrika Mashariki nzima, Walter Plowright na wenzake walivikuza virusi vya sotoka katika chembehai za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, hadi virusi hivyo vikapoteza ukali wake. Chanjo iliyopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilichukua nafasi ya chanjo za zamani zilizotengenezwa kwa kupitisha virusi katika miili ya mbuzi na sungura. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani.

Basi chembehai zilizokuzwa Muguga zilikwisha kuchukua nafasi ya sungura kabla ya suala la vipodozi kuzuka Marekani. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Wanafunzi wa leo watakaosomea baiolojia na kemia ndio watakaoamua kama vipimo vya bidhaa zetu vitafanyika hapa au vitaagizwa kutoka nje.

Jaribio la shuleni

Kanuni ya MTT yaweza kuonyeshwa kwa hamira na rangi ya buluu ya methilini. Hamira iliyo hai huiondolea rangi hiyo ubuluu wake, iliyokufa haiwezi.

Koroga kijiko kimoja cha chai cha hamira na nusu kijiko cha sukari katika sentimita za ujazo 50 za maji ya uvuguvugu. Acha kwa dakika 20. Chemsha sehemu ndogo ya mchanganyiko kwa dakika 5, kisha uipoze. Andaa neli tano:

A: hamira hai na maji.
B: hamira iliyochemshwa na maji.
C: hamira hai na sabuni ya maji iliyozimuliwa mara 100.
D: hamira hai na sabuni iliyozimuliwa mara 10.
E: maji na sabuni iliyozimuliwa mara 10, bila hamira.

Kila neli iwe na sentimita za ujazo 5 za hamira (au maji kwa E) na sentimita moja ya ujazo ya kile kinachoongezwa. Weka neli katika maji yenye joto la nyuzi 37 hadi 40. Tia matone matano ya buluu ya methilini katika kila neli, changanya mara moja, kisha usitikise tena, kwani oksijeni ya hewani huurudisha ubuluu. Andika muda ambao kila neli imechukua kupoteza rangi.

Mwalimu ahakikishe kwamba wanafunzi wamevaa miwani ya kujikinga. Kostiki soda na dawa ya klorini ya kuondoa madoa zisitumiwe: ya kwanza ni hatari, na ya pili huiharibu rangi yenyewe.

Maswali ya mjadala

1. Neli E yafanya kazi gani, na ni sehemu gani ya kipimo cha MTT inayolingana nayo?

2. Hamira ina ukuta mgumu nje ya utando wake. Chembehai ya konea haina. Je, sabuni isiyoidhuru hamira yaweza kutangazwa kuwa salama kwa macho?

3. Chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa yauzwa ikiwa na sabuni yenye pH ya 12, bila maandishi yoyote. Andika maonyo matatu yanayostahili kubandikwa juu yake, na ueleze sababu ya kila moja kwa kutumia muundo wa konea.